Muulize Mwalimu: "Umeme ulikatika, yeye akaendelea kusoma"

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Muheza, nauza vitenge na madera sokoni. Nakuandikia kuhusu huyu wa pili, wa kiume, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu katika shule ya serikali hapa jirani. Mwanangu hajui kusoma, Mwalimu. Na hadi mwezi uliopita mimi nilikuwa najua anajua.

Nikueleze nilivyogundua. Kila jioni tukishakula namwambia achukue kitabu cha Kiswahili asome kwa sauti, mimi nikiwa naosha vyombo. Anasoma vizuri tu, hakwami, sauti anaipandisha na kuishusha kama mtangazaji wa redio. Siku hiyo umeme ukakatika akiwa katikati ya ukurasa. Akaendelea kusoma! Giza totoro, hata mkono wangu siuoni, na yeye anasoma! Nikawasha tochi ya simu, nikafungua ukurasa wa mbele ambao shuleni hawajaufikia. Akaitazama picha, akaanza kutunga hadithi yake. Nikaziba picha kwa kiganja. Kimya. Kumbe dada yake humsomea mara mbili tatu mchana, yeye anashika kila kitu kichwani, jioni ananisomea mimi.

Huyo dada yake ndiye anayenitia uchungu zaidi, kwa sababu alijua kusoma kabla hajamaliza darasa la kwanza. Sasa yuko la sita, kila muhula hakosi tatu bora, kitabu cha hadithi anakimaliza jioni moja. Tumbo ni lile lile, chakula ni kile kile.

Nimekwenda shuleni. Mwalimu wa darasa ana watoto zaidi ya tisini, akaniambia kwa upole tu, "Mama, huyu kichwa chake kizito, mvumilie." Baba yake ni fundi pikipiki, ana gereji ndogo pale barabarani, na yeye anasema nimwache mtoto. "Mimi niliishia la saba, na nyie mnakula." Ni kweli mtoto akitoka shule anashinda gerejini. Akitumwa spana namba kumi analeta namba kumi. Pikipiki ikiwa bado iko kona anakwambia ni ya nani, kwa mlio tu. Wiki iliyopita alimwambia mteja cheni yake imelegea kabla mtu hajazima injini, na kweli ilikuwa imelegea.

Jirani yangu alinitumia kwenye simu maswali ya kupima aina ya akili ya mtoto. Nikajibu, likaja jibu kwamba mwanangu ni "mtu wa mikono", hajifunzi kwa kusoma, anajifunza kwa kushika na kutenda. Jirani akasema basi nisimlazimishe vitabu, nitamharibu. Baba mtu kusikia hivyo alifurahi kama ameshinda kesi. Wifi yangu wa Dar yeye anasema nimhamishie Inglishi midiamu, nusu ya ada atatoa yeye, na tukishindwa nimnunulie tableti. Mimi nimemwandikisha tuisheni ya Jumamosi, na fimbo nayo imetembea. Sasa akiona nimeshika kitabu anakimbilia chooni.

Mwakani anaingia la nne na kuna upimaji. Je, mwanangu ni mzito kweli? Kuna watoto ambao vitabu si vyao? Nishike lipi?

Mama Wawili, Muheza


Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la uzito, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mtoto anayesikia ukurasa mara mbili tatu akaushika wote, na vituo vyake, na kupanda na kushuka kwa sauti, hadi akamzuga mama yake mzazi jioni baada ya jioni, si mzito. Neno hilo lisitamkwe tena nyumbani kwako, hata kwa utani. Nimefundisha darasa la kwanza hadi nikastaafu, na watoto wa namna hii nawajua vizuri: ndio wanaochelewa kugundulika kuliko wote, kwa sababu wana pa kujificha. Yule asiye na kumbukumbu nzuri anakwama mapema na kila mtu anamwona. Wako kumbukumbu imembeba la kwanza, ikambeba la pili. Na watoto tisini wakiitikia kwa pamoja "ba be bi bo bu", sauti ya mmoja anayefuata tu wenzake mwalimu ataijuaje? Simlaumu mwalimu wake. Neno alilokupa ndilo silipendi, kwa sababu halikuambii ufanye nini kesho.

Dada mtu muweke kando kwanza. Nitamrudia, lakini si kwa kulinganisha.

Kuna kitu umenieleza bila kukusudia. Namba za spana zimegongwa kwenye chuma, ndogo, na gerejini mara nyingi zimejaa grisi, na mwanao anazisoma. Kwa hiyo alama iliyoandikwa haimtishi, na macho yake ya karibu huenda yako sawa. Ya mbali, yaani ya ubaoni, hatujui. Mpeleke hospitali wakampime macho na masikio yote mawili. Kusikia cheni iliyolegea hakutoshi kunituliza: mtoto aliyewahi kutokwa na usaha masikioni anaweza kusikia pikipiki ikiwa kona na bado akachanganya "fa" na "va" mwalimu anapotamka. Safari hiyo ifanye kabla ya jambo jingine lolote. Nimewaona watoto walioitwa wavivu miaka miwili, kumbe ubao kwao ulikuwa ukungu mtupu.

Ukisharudi, kaa naye jioni moja kitabu kikiwa mbali kabisa. Chukua karatasi, mwandikie silabi moja moja bila mpangilio: mu, ke, sha, ndo, mbwa, nye, ng'o, dhi, kwe. Usiziandike kwa mstari wa ba be bi bo bu, huo anao kama wimbo. Anapotamka sawasawa weka tiki, anapokwama weka nukta, na uso wako uwe ule ule kwa tiki na kwa nukta. Kisha mwandikie maneno yasiyo na maana yoyote duniani: tamuko, bwefi, shenganda. Atacheka, mwache acheke. Neno la namna hiyo halijakaririwa na mtu, wala halina picha pembeni, kwa hiyo hapo ndipo utajua kama anasoma au anakisia. Mwisho msomee wewe hadithi fupi asiyoijua, umuulize nani alifanya nini, kwa nini, na yeye angefanyaje. Sitashangaa akikujibu vizuri kuliko unavyotarajia.

Karatasi hiyo ina thamani kuliko ripoti ya muhula. Kama silabi nyepesi anazo na nukta zimejaa kwenye mbwa, ndo, nye na ng'o, basi aliachwa mahali fulani pa darasa la kwanza, labda aliugua, labda kitabu kimoja kilisomwa na watoto sita, na hapo panazibika kwa miezi michache. Kama hata ke na mu zinamshinda, mnaanza na irabu, na hakuna aibu. Kama anatamka kila silabi lakini akifika mwisho wa neno mwanzo umeshamtoka, anachohitaji ni wepesi, na wepesi hauji ila kwa kusoma vitu rahisi mara nyingi. Na kama hadithi uliyomsomea aliielewa vizuri, ujue uelewa upo, kizuizi kiko kwenye maandishi tu. Hizo ni shida tofauti, na tuisheni ya Jumamosi inayowapa wote zoezi moja haiwezi kujua ipi ni ya kwake.

Tushukuru Kiswahili chetu hapa. Herufi zetu zinatamkwa vile vile popote zilipo. Mtoto akishazimiliki silabi, anaweza kusoma "katibu tarafa" hata kama hajawahi kumsikia wala kumwona. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo, tahajia yao inamsumbua miaka. Kwa hiyo alichokosa mwanao kinahesabika: kiandike, kipunguze kimoja kimoja.

Hapa niseme kidogo kuhusu disleksia, maana najua mtu atakutajia. Ni ugumu wa kuzaliwa nao wa kuunganisha sauti na maandishi, hauhusiani na akili ya mtoto wala malezi, na mara nyingi umo katika ukoo. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, hujionyesha zaidi kwa kusoma polepole mno kuliko kwa kukosea maneno. Dalili ni kwamba mtoto anafundishwa kila siku, kwa utaratibu, muhula mzima, na silabi aliyoijua jana leo ni ngeni. Mwanao bado hajafundishwa hivyo, kwa hiyo ni mapema kumbandika jina lolote. Ukifika mwisho wa muhula hali ikiwa ile ile, nenda halmashauri umwone afisa elimu anayeshughulika na elimu maalumu, na uulize kama katika kata zenu yupo mwalimu aliyepita Chuo cha Patandi kule Arusha. Hao wamesomea kazi hii.

Sasa hayo maswali ya kwenye simu. Umeniuliza kama kuna watoto ambao vitabu si vyao, na ninaona nyumba nzima imeshaanza kuamini. Chanzo chake ni hiki: mwaka 1983 Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwamba akili ya binadamu haipimwi kwa kipimo kimoja, akataja aina saba, baadaye akaongeza ya nane. Iko ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya mwili na kadhalika. Watu wakachukua wazo hilo wakalichanganya na jingine, kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, huyu wa macho, huyu wa masikio, huyu wa mikono, na ukimfundisha nje ya mtindo wake haingii kitu. Gardner mwenyewe amekataa mchanganyiko huo. Na mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walizipitia tafiti zilizokuwepo wakitafuta ushahidi kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa "mtindo" wake. Hawakuukuta wa kutosha.

Mimi sina ugomvi na mtu anayesema watoto wanatofautiana. Darasani nilikuwa na mtoto anayeimba kila kitu na mwenzake asiyetulia kitini hata dakika mbili, na wote walijifunza kusoma kwa njia ile ile ya silabi. Ugomvi wangu ni pale tofauti inapogeuzwa ruhusa. "Ni mtu wa mikono" maana yake kwenu imekuwa "tumwache". Hujasikia anayesema mtoto wangu ni mtu wa vitabu, basi asijifunze kufua.

Na kuacha kuna gharama inayoongezeka. Mwaka 1986 mtaalamu wa usomaji, Keith Stanovich, alilieleza jambo hili kwa kuazima ule mstari wa Injili ya Mathayo kwamba mwenye nacho ataongezewa na asiye nacho atanyang'anywa hata alicho nacho. Anayesoma mapema anasoma zaidi, anapata maneno mengi, kitabu cha mbele kinakuwa rahisi. Aliyekwama anasoma kidogo, maneno yanampita, na kufika darasa la tano shida imeshatoka kwenye Kiswahili imeingia sayansi, imeingia hata hesabu, maana maswali ya hesabu nayo yana maneno. Miaka tisa si umri wa kukata tamaa, lakini ni umri wa kuanza leo.

Kipaji chake basi kina kazi gani? Kubwa sana, ila si ile uliyoambiwa. Nikupe utafiti mmoja ninaoupenda. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie wa Chuo Kikuu cha Marquette, Marekani, waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli waisome. Wapo waliokuwa wasomaji hodari na wapo waliokuwa dhaifu, na katika kila kundi wapo wanaoujua mchezo na wapo wasioujua. Walipomaliza kusoma wakatakiwa waonyeshe yaliyotokea kwa kusogeza vijitu vya mbao kwenye uwanja wa mfano, kisha wasimulie. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo waliwapita wasomaji hodari wasioujua. Wanachokijua kiliwabeba.

Mwanao anajua pikipiki. Anazijua kuliko wewe, kuliko dada yake, na nina hakika kuliko mimi. Maneno ya gereji yote anayo kinywani: plagi, klachi, kabureta, cheni, spoku, breki shu. Sauti anayo, maana anayo, bado alama tu. Mtoto mwingine akikutana na "kabureta" kitabuni anapigana vita tatu kwa wakati mmoja. Wako anapigana moja.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Muulize jioni: "Hebu nieleze, pancha inazibwaje?" Usijifanye hujui, kwa sababu hujui kweli. Yeye aseme, wewe uandike kwa herufi kubwa zilizoachana, maneno yake yale yale, usiyanyooshe kuwa ya kitabuni. Utapata kitu kama hiki: "Unatoa tyubu. Unaijaza upepo. Unaizamisha kwenye karai la maji. Ukiona mapovu, pancha iko hapo. Unakausha, unasugua, unapaka solusheni, unasubiri kidogo, unabandika kiraka." Hapo umeshapata ukurasa. Kesho yake ndio huo anausoma, kidole kikifuata neno. Najua utasema ataukariri tu kama alivyozoea, na ataukariri, ndiyo maana siku ya pili unaukata kwa mkasi, sentensi moja moja, unachanganya vipande, aviweke katika mpangilio wa kazi. Akiweka kiraka kabla ya karai, mwulize mteja atafika wapi. Siku ya tatu kata maneno. Siku ya nne chukua "solusheni" ukate so, lu, she, ni, kisha mjenge mengine: shela, luninga, sokoni. Zile nukta za kwenye karatasi yako ndizo zikuongoze ukate maneno gani. "Mbwa" haimo gerejini, lakini "pampu" na "gundi" zimo, na spoku ikivunjika kuna "imevunjika", ambayo ina silabi ngumu "nji".

Baba yake ana sehemu ambayo huwezi kuibeba wewe. Mpe salamu zangu, mwambie sijadharau la saba lake. Lakini aliishia la saba anajua kusoma, na hilo hulitumia kila siku bila kulitaja: mteja anatuma ujumbe, muamala unaingia kwenye simu, bei za vipuri zimebadilika dukani. Fundi asiyesoma muamala ataambiwa "nimeshatuma" mara ngapi? Namwomba mambo mawili tu. Gerejini liwepo daftari la wateja, na mwandishi awe huyu kijana: jina, namba ya pikipiki, tatizo, kilichonunuliwa. Ataandika "breki shu" vibaya, wiki ya kwanza na ya pili, mwache, amwoneshe tu iliyoandikwa kwenye boksi alinganishe. Na ujumbe ukiingia, amwambie, "Mikono yangu ina oili, nisomee." Namba ya siri abaki nayo mwenyewe. Mtoto wa kiume wa miaka tisa akiona kitu anakifanya mama na dada tu, anakiweka upande wa mama na dada. Akimwona baba na kalamu sikioni, hesabu inabadilika.

Fimbo iishe leo. Sina maelezo marefu juu yake. Mtoto anayekimbilia chooni akiona kitabu ameshajifunza somo, ila si lile ulilotaka. Muda uwe robo saa, na usiwe saa ile macho yameshalegea. Akikwama kwenye neno nyamaza kwanza, mpe nafasi ajaribu, hesabu kimoyomoyo, akishindwa mtamkie silabi ya kwanza tu. Kina mama tuna haraka, tunarukia neno mdomoni mwake, na yule aliyezoea kusubiri wengine anasubiri tena.

Baada ya robo saa yake, msomee wewe. Hii usiikate hata siku ulizochoka, na sokoni najua mnachoka. Kuna vitabu anavyovitaka moyoni ambavyo bado hawezi kuvisoma, na akikosa kuvisikia atadhani vitabu vyote ni "Huyu ni Juma. Juma ana mpira." Siku vitabu hamna, hadithi ya mdomo inatosha: "Paukwa!" na aitikie "Pakawa!", halafu umalizie nusu, nusu nyingine aitunge yeye. Ile siku ya umeme alipotazama picha akatunga, wewe uliona udanganyifu. Mimi naona mtunzi.

Vitabu vya kupata: Tanga mjini kuna maktaba ya mkoa, si mbali na kwenu, siku unayokwenda kuchukua mzigo mchukue, aingie mwenyewe achague, hata akichagua chenye picha za magari tu. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwepo nchini tangu mwaka 1991, na hadithi zake zimeandikwa na Watanzania kwa Kiswahili wanachokisikia watoto. Ulizia shuleni kama wanazo kabatini, maana mara nyingine zimefungiwa zisichafuke. Na kwenye simu kuna African Storybook, hadithi fupi za bure, za Kiswahili zimo nyingi, zimepangwa kwa ugumu. Dada yake akuonyeshe.

Tableti ya wifi yako haihitajiki, ingawa sitaibeza, tena kwa mtu wa mkoa wenu. Huko huko Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto katika vijiji 170 walipewa tableti zenye programu za Kiswahili na hesabu katika shindano la kimataifa la XPRIZE. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule. Baada ya miezi 15 idadi ya wasiojua kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua nusu. Lakini tableti zile zilikuwa na masomo tu, hazina katuni za kutelezea, na watoto wale hawakuwa na mwalimu. Wako ana mwalimu, ana mama, na ana baba mwenye daftari.

Shule ya mchepuo wa Kiingereza, kwa sasa hapana. Mtoto ambaye hajaweza kusoma lugha anayoiota usingizini, ukimpa kusoma ile asiyoijua umemwongezea mlima juu ya mlima. Mshukuru wifi, mwambie ile nusu ya ada itakuwa tamu zaidi kama robo yake tu itakuwa vitabu.

Rudi shuleni, lakini usiende kuuliza "anaendeleaje". Nenda na ile karatasi yenye tiki na nukta. Mwambie mwalimu, "Hizi anazo, hizi hana, nyumbani tunafanya hizi wiki hii." Mwombe akae mbele. Mwombe pia, kama inawezekana, siku watakapojifunza vyombo vya usafiri, huyu asimame aeleze injini. Mwalimu wa watoto tisini akiletewa taarifa iliyotafunwa hivyo hufurahi, nakwambia kwa niaba yao. Na upimaji wa la nne usiufanye fimbo nyingine. Akifika hapo anasoma polepole lakini anasoma kweli, tumevuka.

Tuisheni ya Jumamosi isimamishe. Siku hiyo ni ya gereji, na daftari.

Nimesema nitamrudia dada mtu. Umeniambia anamaliza kitabu jioni moja na hakosi tatu bora. Hukuniambia anapenda nini, hukuniambia hata kitabu kimoja alichokisimulia. Mwulize kile cha mwisho kilihusu nini, na kwa nini yule mhusika alifanya alivyofanya. Akikujibu "kizuri tu", mwulize tena kesho. Wapo watoto wanaosoma haraka kama wanavyonakili notisi, kila neno linapita na hakuna linalobaki, na hawa hatuwaoni kwa sababu wanashika namba. Pia amekuwa mwalimu wa mdogo wake kwa siri muda huu wote, kazi ambayo hakuna aliyemtuma wala aliyemshukuru. Mshukuru, kisha umpumzishe. Na Jumamosi moja moja naye aende gerejini akashike spana. Baba akisema gereji si mahali pa msichana, niandikie tena, barua hiyo nitaijibu siku hiyo hiyo.

Mwalimu